Marahaba ya Bi Nyamizi

Pafu lilikuwa moja na walioliomba walikuwa wawili, ila wote wawili walikuwa mtu yuleyule. Kalunde Mihambo, mkaguzi wa hospitali, ndiye aliyewatengeneza. Alikuwa amechukua sauti ya mgonjwa mmoja aliyekataliwa, akainakili, halafu akawa anaibadilisha nakala hiyo jambo moja baada ya jingine na kuirudisha mbele ya Mratibu, aone kama mashine itageuza uamuzi. Akapunguza kikohozi. Taa ya njano. Akafuta malalamiko ya mgongo na magoti. Njano. Akayaharakisha maneno yaliyokuwa yakikokotwa. Njano tena, maana yake subiri zamu nyingine.

Jua la mchana lilikuwa limejaa kwenye chumba cha ukaguzi, na feni ilikuwa inahamisha vumbi tu kutoka pembe moja kwenda nyingine. Kalunde hakuwa amekula tangu asubuhi. Akaondoa neno moja zaidi, kwa kukata tamaa kuliko kwa akili. Muuguzi kwenye sauti ile alikuwa amesema, "Shikamoo baba," na mgonjwa akajibu, "Marahaba." Kalunde aliliondoa jibu hilo na kuyaacha mengine yote kama alivyoyakuta, kikohozi, magoti na mwendo wa kukokota.

Taa ikawaka kijani.

Akalirudisha neno. Njano. Akalitoa. Kijani. Alirudia tena na tena, kisha akaegemea kiti.

Sheria ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyelipinga. Ukame ulipoigeuza nchi ya kati kuwa jivu, vumbi la Tabora lilianza kuingia vifuani mwa watu na kukaa humo. Serikali ikajenga matangi ya kioo ya kuoteshea mapafu, kwa kodi ya kila mwananchi, kijana na mzee. Mapafu hayakutosha. Miaka ya mwanzo madaktari waliwapa vijana, wazee wakaambiwa wamekwisha kula chumvi yao, na Kalunde akiwa msichana aliandamana na maelfu mpaka ikatungwa sheria: mpango wowote unaolipiwa na umma hautauliza, hautaandika wala hautatunza umri wa mtu. Hapo ndipo alipojengwa Mratibu, mashine ya kuamua nani apewe pafu sasa na nani asubiri. Hakupewa macho, asije akaona mvi na makunyanzi. Sauti zilipitishwa kwanza kwenye chujio la kuondoa mtetemo wa koo la uzee. Alibaki na kazi ya kusikiliza pumzi ya mtu pamoja na mazungumzo yake na wauguzi, basi.

Na bado wazee walikuwa wanaambiwa wasubiri. Kusubiri kwa mwenye ugonjwa wa vumbi lilikuwa neno la adabu tu, kila mtu alijua maana yake.

"Rwegasira!" Kalunde aliita. "Hebu njoo umwone mwanao alivyo na akili."

Mhandisi Rwegasira, aliyemjenga Mratibu na aliyezeeka haraka kwa kazi hiyo, akaja na kikombe chake cha kahawa. Akatazama taa ikigeuka njano, kijani, njano. Hakushtuka kama Kalunde alivyotaka ashtuke.

"Nani alimfundisha?" Kalunde aliuliza.

"Hakuna. Tulimwambia mapafu yaende kwa watakaodumu nayo, si ndiyo? Basi anakumbuka waliopewa zamani, nani aliishi na nani alikufa. Akaona watu wanaosema neno hili kila anapoingia mtu hawadumu sana. Hajui marahaba ni nini, dada yangu. Hata uzee wenyewe haujui. Anajua tu kwamba neno hilo linanuka kaburi."

"Lakini tulimfumba macho!"

"Tulimfumba macho, akatega masikio."

"Basi lichuje hilo neno. Leo hii."

Rwegasira akatikisa kichwa. "Mratibu amefungwa kwa muhuri wa Tume ya Usawa wa Umri. Nikimgusa bila kibali chao, kesho nitakuwa nakupigia simu kutoka gerezani. Na hata nikilichuja, atapata jingine. Wazee wana maneno mengi."

Kalunde akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu anapimwa Alhamisi ijayo."

Rwegasira alikiweka kikombe chini.

*

Mwenyekiti wa Tume ya Usawa wa Umri alimpokea Kalunde kwa tabasamu na chai ya tangawizi. Walikuwa wameandamana pamoja enzi hizo, bega kwa bega, wakipiga makelele mpaka sauti zikakauka. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Nakuamini," alisema mwishowe. "Sasa nisaidie. Utathibitishaje kwamba waliokataliwa ni wazee?"

"Mheshimiwa, ukiwaona tu..."

"Mimi nikiwaona. Umri wao umeandikwa wapi?"

Kalunde aliifunga faili aliyokuja nayo.

"Haujaandikwa popote," Mwenyekiti akaendelea, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Tulikataza usiandikwe. Wewe na mimi. Ukiniletea orodha ya umri wao, umevunja sheria, na mimi nikiipokea nimeivunja pia. Mashine haikuuliza umri, haikuandika umri. Kwa sheria yetu, Mratibu hana kosa."

Walitazamana. Bilauri za chai zilikuwa bado zinafuka moshi, na hakuna aliyegusa yake. Wenyewe walikuwa wameujenga mlango na wenyewe wakautupa ufunguo, na sasa walikuwa nje wanabisha.

*

Mashine haiguswi, Kalunde aliwaza njiani kurudi. Basi tuguse watu.

Mkaguzi alikuwa na mamlaka juu ya mwenendo wa watumishi ukumbini, na hayo ndiyo mamlaka pekee aliyobaki nayo. Siku iliyofuata akatoa amri: ndani ya ukumbi wa vipimo, hakuna shikamoo. Kila mgonjwa, mkubwa kwa mdogo, asalimiwe "Habari yako" na ajibu "Nzuri." Tangazo likabandikwa mlangoni. Wazee waliambiwa kwa faragha kwamba hata kama mtu atajisahau akawaamkia, wasiitikie.

Wauguzi waliipokea amri kama watu walioambiwa wawapige mama zao. Tumpe, muuguzi mdogo kuliko wote na mwenye roho nyepesi, aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Wa kwanza siku hiyo alikuwa Mzee Mabula, fundi wa mizinga ya nyuki kutoka upande wa Sikonge, aliyekuwa akivuta pumzi kwa mabega. Aliwekwa kwenye kiti chini ya tundu la chuma ambalo Mratibu alisikilizia. Tumpe akamsogelea na kifaa cha kupimia, macho chini.

"Habari yako," alisema.

Mzee Mabula alimtazama huyu binti aliyelingana na kitukuu wake. Akageuka nyuma, aone kama kuna kijana anayesemeshwa. Hakukuwa na mtu.

"Unasema na mimi?"

"Ndiyo. Habari yako."

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "nimekukosea nini?"

Tumpe akaanza kulia. Mzee akajishika kwenye kiti, akainuka hatua kwa hatua, akachukua fimbo yake. Kalunde alitoka mbio nyuma ya kioo, akamfuata hadi mlangoni akimweleza kwamba ni kwa faida yake, kwamba akivumilia kidogo tu atapona.

"Nilikuja kutafuta pumzi," Mzee Mabula akamjibu bila kupandisha sauti. "Sikuja kuvuliwa nguo mbele ya watoto."

Akaondoka bila kupimwa. Wengine walibaki. Waliambiwa habari yako, na kila mmoja alikaa kimya kidogo, akameza mate, kisha akasema nzuri. Na taa, siku zile za mwanzo, zilikuwa zinawaka kijani. Kalunde alizitazama na kujiambia kwamba uchungu wa kukosewa heshima unapoa, wa kifo haupoi. Alijiambia hivyo mara nyingi.

*

Bi Nyamizi, mama yake Kalunde, alikuwa mkuu wa kituo cha reli kwa miaka mingi, na mpaka sasa alizungumza kama mtu anayetarajia treni impishe. Kifua tu ndicho kilichomsaliti. Kila sentensi aliigawa vipande viwili na kupumzika katikati.

"Kwa hiyo niwe bubu," alisema, akiwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni.

"Si bubu, mama. Akikwambia habari, sema nzuri. Akijisahau akakuamkia, nyamaza."

"Na aliyenilea mimi... alale kaburini anisikilize."

"Mama, tafadhali. Hebu tujaribu. Mimi ndiye muuguzi." Kalunde alitoka, akabisha hodi, akaingia. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Mama!"

Bi Nyamizi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Kalunde akamshika mgongo mpaka kikapita. Walijaribu tena. Marahaba lilimtoka kabla hajajua. Walijaribu akiwa na karanga mdomoni. Akaisaga kwa ufizi, akameza, akasema marahaba.

"Mazoea yana taabu," mama alisema, akijifuta machozi ya kucheka. "Unanizoeza ukaidi... nikiwa sina meno."

"Mara ya mwisho. Kwa ajili yangu."

Kalunde akatoka. Akaingia. "Shikamoo mama," alisema, na safari hii, bila kukusudia, magoti yalikunjika kidogo kama alivyofundishwa utotoni.

Bi Nyamizi alimtazama. Midomo ilifungwa. Kimya kikakaa chumbani, kikaendelea kukaa. Kalunde alijua ni mchezo, alikuwa ameuanzisha mwenyewe. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kumwamkia mama asimwitikie, hata siku aliyovunja sahani za harusi, hata siku aliyorudi nyumbani na ndoa iliyovunjika. Alisimama pale mlangoni, mwanamke mzima mwenye mvi zake, na uso ukamharibika.

"Umeona?" mama akasema kwa upole. "Anayenyimwa marahaba ni yule... unayemlaani."

"Vizuri, mama. Umeweza," Kalunde akajibu, na akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

*

Wagonjwa wa kupimwa walilala hospitali usiku wa kuamkia kipimo, ili vifua vipumzike. Hivyo Alhamisi asubuhi Kalunde hakuwa amemwona mama yake. Kanuni pia ilimkataza mkaguzi kuingia ukumbini anapopimwa ndugu yake, naye akasimama nyuma ya kioo, mikono ameikunja kifuani.

Bi Nyamizi aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa ustadi kama anakwenda kupokea mgeni wa serikali.

"Habari yako," Tumpe alisema.

Kimya kidogo. Kisha: "Nzuri."

Ilikwenda vizuri. Alipuliza alipoambiwa apulize, akajibu alipoulizwa kama anakubali kuwekewa pafu. Mshale wa Mratibu, ambao Kalunde aliuona kwenye skrini yake, ulikuwa unapanda polepole kuelekea kijani. Kalunde akaanza kuhesabu mambo ambayo mama angeyafanya akipona. Angekwenda kituoni kuwafokea waliomrithi, kwanza kabisa.

Ndipo kikohozi kikamshika. Hakikuwa cha kawaida, kilimkunja hadi kichwa kikagusa magoti. Tumpe alikimbilia mtungi wa hewa chumba cha pili. Bi Nyamizi akabaki peke yake anatapatapa, mkono mmoja umenyooshwa hewani unatafuta pa kushika, na Kalunde hakukumbuka kanuni wala kioo. Alijikuta ukumbini, ameushika mkono ule, amepiga goti. Kikohozi kikalegea. Mama akafumbua macho, wakaonana kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Shikamoo mama," Kalunde akasema.

Lilitoka lenyewe. Kila asubuhi ya maisha yake, alipomwona mama yake kwa mara ya kwanza, neno hilo ndilo lililotangulia, kabla ya akili kuamka. Alilisikia likiwa limeshatoka. Akatamani aling'ate lirudi.

Nyuma ya kioo, mshale ulikuwa umesimama, unasubiri. Kalunde alitikisa kichwa kwa nguvu. Usiitikie, alimwomba kwa macho. Nyamaza mama, kama siku ile, nyamaza tu.

Bi Nyamizi alilitazama tundu la chuma ukutani. Kisha akamtazama mwanawe, ule uso uliokuwa umeanza kuharibika tena, akautazama kwa muda kama mtu asiye na haraka ya treni yoyote. Alikuwa anajua anachokifanya. Kalunde hakuweza kamwe kujidanganya kwamba ilikuwa bahati mbaya.

"Marahaba, mwanangu," alisema, kwa pumzi moja isiyokatika. "Umeamkaje?"

Taa ikawaka njano.

Kwenye korido Kalunde alilia kwa sauti, watu wakampisha. "Kwa nini, mama? Ilikuwa imebaki kidogo tu!"

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Bi Nyamizi alijibu akiwa amefumba macho. "Nilikulea uniamkie... sasa nikuadhibu kwa hilo?" Akapumzika. "Siku ile nilipokunyamazia... sikulala."

*

Bi Nyamizi alikufa kabla ya zamu iliyofuata, mchana, dirisha likiwa wazi kwa sababu alitaka kusikia treni.

Rwegasira alikuja msibani siku ya tatu. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wanaume, akanywa uji, kisha akamwomba Kalunde wasogee pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sijui kama nikwambie," alisema.

"Niambie. Kuna nini kingine cha kuniumiza?"

"Kijani zimekwisha. Tangu siku aliyopimwa mama yako wazee wote wanapata njano, na hakuna anayeitikia. Nikatafuta sababu." Alishusha pumzi. "Ni kimya, Kalunde. Kijana akiambiwa habari, anajibu hapohapo. Mzee anachelewa kidogo. Anameza mate kwanza, kwa sababu ameumia. Mratibu amekisikia kile kimya kwa watu walewale waliokuwa wakiitikia marahaba zamu zilizopita, akajifunza."

Kalunde alikaza upya kanga aliyojifunga kiunoni.

"Nilichukua sauti ya mama yako," Rwegasira akaendelea. "Nikaliondoa lile neno, nikaweka kimya, kama ulivyotaka afanye. Nikampa Mratibu."

"Ikawaje?"

"Njano. Ile habari ya mwanzo, ya Tumpe, alichelewa kuijibu. Hata angekunyamazia, dada yangu, asingepewa."

Alidhani anamletea faraja, au pengine hakujua anamletea nini. Kalunde alisimama pale uani huku wanawake wakiimba ndani, na akajaribu kuona kama mzigo umepungua. Haukupungua. Ulihama bega moja kwenda lingine. Amri ilikuwa yake. Aliwanyang'anya wazee wa mji mzima kitu pekee walichokuwa nacho, akaichukua ile aibu yao na kumpelekea Mratibu ajifunzie. La kuvunda halina ubani, mama yake angesema, na kwa mara ya kwanza hakuwepo wa kulisema.

Aliporudi kazini alilichana tangazo la mlangoni kwa mikono yake. Hakuwa na matumaini nalo, kwani taa zingewaka njano wakisalimiwa au wasisalimiwe. Alitaka tu kwamba mtu anayeambiwa akafe nyumbani kwake aamkiwe kwanza.

Ukumbini, kwenye kiti chini ya lile tundu la chuma, alikuwa amekaa Mzee Mabula. Alikuwa amekonda mno. Fimbo ilikuwa sakafuni kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuishika, na nyuma yake alisimama mjukuu wake wa kike, akimnong'oneza jambo sikioni huku mzee akikubali kwa kichwa.

Tumpe alirudi nyuma, akampisha mkaguzi. Kalunde akasogea, akakunja magoti mpaka karibu na sakafu.

"Shikamoo baba," alisema.

Mzee Mabula alimtambua. Kitu kikapita usoni mwake, kitu cha mtu aliyerudishiwa jina lake, na midomo ikafunguka. Kisha akalitazama tundu la chuma. Akaifunga midomo kwa nguvu.

"Itikia, baba," Kalunde alinong'ona. "Sasa ruhusa. Itikia tu."

Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa ameshafundishwa, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikaa wima, ameukaza uso, akamnyima marahaba mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, kwa sababu alitaka kuishi.

Taa ikawaka njano.

Aliitazama, hakuielewa. Akamtazama Kalunde, akamtazama mjukuu wake, akarudi kwa Kalunde.

"Sikuitikia," alisema. "Umeona mwenyewe, mwanangu. Sikuitikia."